Maji Yameshafika

Jumatatu, 7 Septemba
Mlio wa ule mpini wa pampu haunitoki. Chuma kikavu, juu, chini, juu, chini, na bomba halikutoa hata tone. Ofisi yetu ya mradi ilinipeleka kijijini, ng'ambo ya Mvumi, kuandika majina ya kamati ya maji. Mwezi wa sita niliipiga chapa taarifa mwenyewe: kisima kimechimbwa, maji yameshafika. Redio nayo ikatangaza. Niliamini. Bibi mmoja aliyekalia ndoo yake alinicheka. "Hayo maji tumeshayanywa, mjukuu wangu. Redioni." Wenzake wakaangua kicheko. Kisha wakashuka korongoni kufukua mchanga wapate maji.

Jumanne, 8 Septemba
Nimemweleza mratibu wetu. Hakushtuka. Anajua. Walichimba nusu ya kina, dizeli ikaisha, pampu ikafungwa hivyo hivyo ili ipigwe picha. Ndivyo ofisi yetu inavyofanya kazi: taarifa hutangulia, kazi hufuata. "Piga chapa tu, binti. Mpaka barua iwafikie wafadhili Ulaya, maji yatakuwa yameshatoka."
Nina hasira.

Jumatano, 9 Septemba
Mji mzima uko hivi. Fundi cherehani: gauni limeshaisha, na kitambaa bado kimekunjwa vilevile nilivyokileta. Wanaiita adabu. Eti usimvunje mtu moyo.
Mimi pia. Mama mwenye nyumba akinikaribisha nasema nimeshakula, na sijala. Lakini njaa ile ni yangu peke yangu.

Alhamisi, 10 Septemba
Taarifa ya mwisho imeletwa mezani kwangu. Kisima kimekamilika. Wafadhili wakisoma hivyo wanafunga jalada, mashine ya kuchimba inahamia Kondoa. Hakuna atakayerudi kwa wale akina mama. Nimemwambia mratibu siandiki. Akajibu kwa upole kwamba wasichana wenye cheti cha uhazili wamejaa Chang'ombe. Kweli wamejaa. Kaka yangu mwenyewe amepunguzwa kiwandani juzi tu, na nyumbani wananitegemea mimi.
Upole wake umeniudhi kuliko tusi.

Jumamosi, 12 Septemba
Upepo na vumbi. Nimefua. Nimechagua mchele.
Taarifa ya mratibu sikuipiga chapa. Jana asubuhi niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa wafadhili: kina hakijafikiwa, maji hayajatoka, watu wanakunywa ya mchangani. Nikatia saini jina langu, nikaipeleka posta kwa miguu. Nakala niliiacha mezani kwa mratibu, na funguo za ofisi juu yake.