Mkazi Mwenye Uchungu Anapinga Kebo

Jumatatu, 3 Machi

Faili jipya mezani, nene kama mto wa kulalia. Kampuni ya umeme inaomba kibali cha kufukia kebo, kilomita mbili na ushee, kutoka uwanja wa betri hadi kituo cha kupozea umeme. Betri zenyewe zimeshafika. Makontena ishirini meupe yamepangwa nyuma ya mji, yanangoja kuunganishwa. Umeme wa mchana unalazwa humo, jioni unaamshwa. Hivyo ndivyo Injinia wa kampuni alivyonieleza, polepole, kama anaongea na mtoto wa chekechea. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza kina cha mtaro na umbali wake kutoka bomba kuu la maji. Akakohoa, akafungua ramani.

Bomba liko upande wa shule. Kebo itapita ng'ambo ya barabara, upande wa zahanati. Safi kabisa.

Na faili nimepewa mimi! Miaka sita ofisi ya mipango nimepima mabanda ya kuku na kuta za majirani wanaogombana. Leo Mkuu kanikabidhi hili kwa mikono miwili. Hajasema chochote kuhusu ile nafasi ya ofisa mwandamizi. Lakini mikono miwili si mchezo.

Nimemsimulia Baba tukiwa mezani. Kauliza kebo inapita wapi. Nikamwambia. Kaweka kijiko chini, kasema amevimbiwa. Baba, amevimbiwa! Mtu anayefuta sahani mpaka maua yake yanaonekana!

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika matangazo kwenye nguzo kumi na moja. Siku ishirini na moja za kupokea maoni zimeanza kuhesabiwa.

Jioni narudi, namkuta mzee mmoja mbele ya zahanati anasoma tangazo langu kwa miwani miwili, moja juu ya nyingine. Baba yangu mzazi. Nikamuuliza kulikoni. "Napita tu, mama." Anapita! Tangu astaafu idara ya maji, kumtoa nje ya nyumba ni kazi ya watu wanne.

Jumanne, 11 Machi

Maoni yameanza kuingia. Mwenye duka la viatu anauliza kama mtaro utamzibia mlango. Mwalimu mkuu anaomba wasichimbe wakati wa mitihani. Watu wenye akili zao.

Kisha barua ya tatu. Haina jina, imesainiwa "Mkazi Mwenye Uchungu". Ina vipengele: 1(a), 1(b), 2(a), na wajukuu wao. Kebo italeta kelele — chini ya ardhi, jamani! Umeme una harufu. Vyura wa mtaroni watakosa amani. Niliisoma kwa sauti, ofisi nzima ikaangua kicheko mpaka tarishi akachungulia kuona kuna nini. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Halafu nikageuza karatasi. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya fomu ya zamani ya kuombea mita ya maji.

Nani katika mji huu bado ana fomu hizo? Nani ana bunda zima chini ya kitanda, anazikata katikati kwa rula na kuandikia orodha ya sokoni?

Kicheko kilinikauka mdomoni.

Jumatano, 12 Machi

Wakati wa chai nimempima kijanja. "Baba, hivi vyura unawapenda?" Kajifanya hamnazo. Kasema hawafahamiani.

Ijumaa, 14 Machi

Barua mbili kwa mpigo. Mkazi Mwenye Uchungu sasa ana uchungu wa mbuzi (watakosa usingizi), wa wajawazito, na wa rangi ya barabara, ambayo anasema ni ya kihistoria. Barabara ile ilipakwa lami juzi juzi tu!

Nimezipanga zote tatu mezani, nikazisoma bila kucheka. Jambo moja: kila moja inaishia mahali pamoja. Kebo ipitishwe barabara ya nyuma, ya maghala. Sababu zinabadilika kama hali ya hewa, ombi halibadiliki. Na hapo kwenye ombi kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Sielewi. Baba hajawahi kuogopa umeme. Ndiye anayepanda ngazi kubadilisha taa, kwa miaka yake sabini na miwili, huku mimi nimeishikilia ngazi roho juu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala na jambo hili siku tatu, leo nikapiga moyo konde. Nikaingia kwa Mkuu, nikafunga mlango. Nikamwambia nadhani anayepinga ni baba yangu.

Mkuu kacheka mpaka kavua miwani. Akaivaa tena, akaacha kucheka. Sheria ni sheria: ofisa haandiki ripoti juu ya pingamizi la mzazi wake. Faili limekwenda kwa mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Kesho, kwa sababu hajawahi kumaliza kitu leo. Mimi nitaandika muhtasari siku ya kikao cha kamati, tarehe 27. Muhtasari!

Nimelia chooni. Naandika ukweli, hakuna anayesoma humu. Nimelia kwa ajili ya vyura.

Nyumbani Baba kaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi. Kaniletea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kwa wema huo nikashindwa hata kumnunia vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Leo kila kitu kimefumuka.

Saa nne asubuhi, jua kali, Baba katoka na mwavuli. Nikamfuata kwa mbali, mimi ofisa wa serikali, najificha nyuma ya magari kama mwizi wa betri. Alifika kona ya shule, akavuka barabara, akaanza kuhesabu hatua upande wa zahanati. Midomo ikicheza. Kwenye geti la zahanati akasimama, akagonga ardhi kwa mwavuli mara tatu. Kisha akageuka, na mimi nikawa nimesimama hapo hapo, macho kodo, sina hata gari la kujificha.

Tumekaa kwenye benchi la wagonjwa, nje. Kanieleza huku anaangalia viatu.

Miaka thelathini na moja iliyopita yeye ndiye aliyekuwa fomeni wa bomba kuu. Mchoro ulisema upande wa shule. Wakachimba, wakakuta mwamba. Wakalivusha bomba upande wa zahanati, hatua themanini, kisha wakalirudisha. Kazi nzuri tu, kila fomeni angefanya hivyo. Lakini mchoro ulipaswa kusahihishwa, na kusahihisha kulitaka saini ya mpima ramani. Na Baba na mpima ramani walikuwa hawasemeshani.

Nikauliza kwa nini. Akafuta kiatu kwa ncha ya mwavuli. Mpima alikuwa ameazima pampu ya baiskeli ya Baba, akairudisha bila mpira wake.

Pampu!

Miezi minne hawakusemeshana. Tarehe ya kukabidhi kazi ikafika. Baba akaandika chini ya mchoro, "Imejengwa kama ilivyochorwa," akatia saini. Alikusudia kurekebisha siku Mpima atakapoomba radhi. Mpima hakuomba radhi. Akahamishwa, baadaye akafariki. Na idara ikampa Baba cheti cha utumishi uliotukuka, kwa kazi ya bomba hilo hilo. Kile cha fremu ya dhahabu, kilichoko sebuleni, ambacho kila mgeni lazima akione kabla hajapewa kiti.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nesi akatutazama. Kisha nikaiona mikono ya Baba juu ya mpini wa mwavuli, nikanyamaza. Bomba hilo linanywesha zahanati, shule na nusu ya mji. Liko mita moja tu chini. Mtaro wa kebo unashuka mita moja na robo, na utachimbwa na mashine yenye meno kama ya kiboko.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Nikuambie nini, mama? Kwamba nilidanganya serikali kwa sababu ya pampu?"

Jumapili, 23 Machi

Tumegombana. Kwa adabu, lakini tumegombana.

Baba ana mpango. Mimi nimnong'oneze Injinia walete mashine ya kuona chini ya ardhi, walikute bomba wenyewe, waseme lo, kumbe! Mchoro ulikosewa, hakuna mtu, yamekwisha. Nikamkumbusha bomba ni la plastiki. Mashine yao inasikia chuma tu.

Akasema basi mimi binti yake niseme kwenye kikao. Niseme nini? Faili nimenyang'anywa, kwa sababu yake. Na wakiniuliza bomba linavuka wapi, linarudi wapi? Hatua zile themanini anazijua yeye peke yake duniani.

Nimemwambia: utasema wewe, Alhamisi, mbele ya kamati. Usiposema, nitasimama mimi, nitasema ninachokijua, na jina lako nitalitaja.

Kainuka, kaenda chumbani. Sijawahi kumsemesha hivyo. Nimeosha vyombo vyote, na visivyo vichafu.

Jumanne, 25 Machi

Bwana Kesho kamaliza ripoti. Siku mbili kabla! Maajabu ya mwaka. Anapendekeza kibali kitolewe. Barua za Mkazi Mwenye Uchungu kazifuta kwa mstari mmoja: hazina jina wala msingi. Kaambatanisha mchoro wa bomba kama ushahidi kwamba upande wa zahanati uko wazi. Saini ya Baba hapo chini, yenye mkia mrefu, ya kijana mwenye maringo.

Nimemwambia Bwana Kesho afikirie shimo la majaribio. Kanipiga jicho. Kasema yaonekana mapingamizi ni ya ukoo.

Ekskaveta imeshaegeshwa karibu na zahanati. Kibali kikipita Alhamisi, Ijumaa asubuhi wanaanza kuchimba. Watoto wa shule wanapiga nayo picha.

Baba kapiga pasi shati jeupe. Leo ni Jumanne tu. Sijauliza.

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbi wa halmashauri, saa tatu. Daftari la muhtasari liko juu, hili liko chini yake. Naandika kwa zamu. Mkuu anadhani nina bidii.

Watu kama sitini. Kipaza sauti kinakoroma. Baba kakaa safu ya nne, shati jeupe, mgongo wima. Hajanitazama hata mara moja.

Injinia kamaliza. Michoro ya rangi, betri karibu zitabasamu. Watu wanaitikia kwa vichwa.

Bwana Kesho anasoma ripoti. Hakuna kizuizi. Bomba kuu liko ng'ambo. Mchoro unapita mezani mkono kwa mkono.

Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Mwenye duka la viatu ana neno, refu. Mwalimu mkuu ana neno. Baba — kimya. Mwenyekiti anauliza tena. Baba ananyoosha kola ya shati. Nimeweka kalamu chini nisimame.

Sikusimama. Mwenyekiti kaniwahi. Kainua mchoro juu, kasema wananchi watazame kazi ya zamani, safi, kila kitu mahali pake. Laiti wakandarasi wa leo wangekuwa hivi! Akasoma jina la fomeni. Akaangaza ukumbini. Akamwona! "Si huyu hapa? Mzee wetu, simama tukuone!"

Makofi. Baba kasimama. Makofi zaidi. Mtu kapiga kigelegele. Bwana Kesho kampelekea kipaza sauti, mbio, kwa mikono miwili.

Baba hakukipokea. Anatembea kwenda mezani. Njiani watu wanamshika mkono, mwalimu mkuu amemkumbatia. Amepita mbele yangu, sasa ndiyo kanitazama. Nimeogopa. Sikutaka tena aseme. Naandika ukweli: kwa dakika hiyo nilitaka arudi akae, apigiwe makofi, bomba lipasuke.

Amefika. Ameomba mchoro. Ameomba kalamu. Mwenyekiti kampa ya kwake, anacheka, anadhani ni saini ya kumbukumbu. Mpiga picha wa halmashauri amesogea.

Kwenye muhtasari nimeandika: "Mzee aliomba kalamu." Nimekwama hapo.

Anainama. Kalamu imeanzia kona ya shule. Inavuka barabara. Mwenyekiti ameacha kucheka. Injinia ameinuka kitini.

Watu wa nyuma hawaoni anachochora. Bado wanapiga makofi.