Gauni la Njano

Jumapili, Korogwe

Sikutaka kwenda. Mama Halima, jirani yangu, ndiye aliyenivuta. "Mtaa mzima tunakwenda Magoma na watoto, tukapike tule pamoja. Wewe ubaki na nani?"

Huko Magoma, pilau ilikuwa bado motoni nilipoona gauni la marehemu mwanangu, Zawadi, likikimbia kando ya mahindi. Nililigawa mwenyewe baada ya msiba. Lakini mdomo ulinitangulia, nikaita, "Zawadi."

Wanawake wakanitazama. Aliyelivaa, Halima, akageuka.

"Abee, mama," akaitika, akaja kukaa mapajani mwangu.

Mama yake hakumsahihisha. Mimi pia sikumsahihisha. Nilimsuka nywele taratibu mpaka tukaitwa kuondoka.

Vidole vyangu bado vinanukia mafuta yake. Naogopa jinsi nilivyofurahi.