Mkulo Usianguke Kabla Baba Hajafika

Grand Prairie, Texas,
Marekani.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa kaka Elibariki,

Shikamoo kaka. Habari za huko mlimani? Goti la wifi Namsifu limepoa, au bado anapanda ule mteremko kwa kuuma meno? Watoto wanaendeleaje na shule, na tangawizi ya bondeni mmeshaivuna? Nayauliza haya kwa moyo, ingawa najua ukiuona mwandiko wangu utataka kuikunja barua na kuitia mfukoni. Usiikunje. Ndiyo maana nimeagiza apewe wifi kwanza, kwa sababu wifi akikuambia soma, utasoma.

Sisi huku tupo. Baridi inauma, na mierezi ya Texas inatoa vumbi lake mwezi huu, basi mji mzima unapiga chafya. Mwanangu Eliwaza amenipita kwa urefu. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yanatoka kwa Kiingereza. Mimi bado nauguza wagonjwa wa watu, na nikirudi nyumbani namuuguza wa kwangu. Ningependa kusema tu wazima, kaka, lakini itakuwa uongo. Baba hali yake si nzuri.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Ujumbe natuma, naona umeusoma, halafu kimya. Mara ya mwisho uliniambia mimi niko Marekani nakula kuku kwa mrija, nisikufundishe kuishi mlimani. Nikakukatia simu. Sasa hasira imekwisha, imebaki hofu. Dada Immaculate, Mkenya ninayefanya naye kazi, anaondoka Alhamisi kwa ndege ya Houston kwenda harusini Moshi. Ameniahidi kwamba harusi ikiisha atashuka mpaka Same na kumpa wifi barua hii mkononi.

Nianze na Baba. Mwezi uliopita tulimpeleka Houston kwa daktari mkubwa wa moyo. Aliyetuendesha ni Shamsudin, jirani yetu Mzanzibari, dereva wa teksi, maana mimi nilikuwa nimetoka zamu na macho yalikuwa yanafunga yenyewe. Baba alikaa mbele. Njia nzima alitazama nje, shamba, ghala, shamba, ghala, mpaka akasema, "Nchi hii haina mgongo." Shamsudin akacheka. "Mzee wangu, hata sisi Unguja hatuna milima, na twaishi." Baba akamuuliza maji wanayapata wapi. "Kisimani, mzee." Baba akatikisa kichwa. "Basi hicho kisima kina mlima wake mahali, hamjautafuta tu." Tulicheka sana, kaka. Ndiyo mara ya mwisho nimemsikia Baba akicheka.

Daktari alisema moyo umechoka. Dawa wameshamwongezea mpaka zimefika mwisho, na kumpasua hawathubutu. Akasema kama kuna safari mzee anaitamani, aifanye kabla Februari haijaisha, baada ya hapo yeye hatamruhusu kupanda ndege. Baba aliniambia nimtafsirie tena, polepole. Kisha akasema, "Vizuri. Twende nyumbani." Nikamshika mkono kumpeleka kwenye gari. Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyeelewa somo. Hakuwa anasema nyumba ya Grand Prairie.

Kwa hiyo tunakuja. Mimi nitamleta mwenyewe, Eliwaza atabaki kwa akina Immaculate, mumewe na watoto wapo. Tutatua Kilimanjaro Jumamosi, tarehe 22. Nimeomba ruhusa kazini, na ilivyo ngumu ruhusa ya huku ningeweza kukuandikia barua nyingine nzima ya hilo peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Niliona ukurasa wa kampuni ya yule mwekezaji wako. Wameweka picha ya mpungi, msitu wetu wa ukoo, na maneno makubwa kwamba hapo itajengwa kambi ya wapanda milima, yenye vibanda vya mbao na ngazi za saruji, na kwamba kazi ya kusafisha eneo inaanza mwisho wa mwezi huu kabla ya masika. Kusafisha, wanasema. Kana kwamba msitu ni sahani iliyoliwa. Katikati ya picha upo mkulo wetu, ule mti mkongwe kuliko yote. Niliutambua kwa lile pango la shinani, tulimojificha mvua mimi na wewe tukagombea nani akae ndani zaidi. Umepigwa alama ya rangi nyekundu, na miti ya nyuma yake vilevile.

Kaka, umefanya nini?

Najua utanijibu nini. Utasema watoto wanataka ada, tangawizi imeshuka bei, na vijana wa kijiji wanahitaji kazi. Utasema wazee wa ukoo wamekubali, na Baba alikuachia wewe msitu alipopanda ndege. Yote ni kweli. Sijasema wewe ni mtu mbaya. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukizibua ndiva, bwawa letu la kunyweshea mashamba, pamoja na Baba, ukiingia matopeni mpaka kiunoni, na unajua yale maji yanajaa kutoka wapi. Ukungu unapanda, unanaswa na ile miti, unadondoka usiku kucha hata wakati wa kiangazi, chemchemi inapata kinywaji chake na ndiva inajaa. Miti ikienda, ukungu utapita juu ya vibanda vya mwekezaji kama mgeni aliyekosa mtu wa kumkaribisha. Na tangawizi yako utainywesha nini?

Na hao wapanda milima, kaka, wanapanda kuja kuona nini? Hawaji kuona ngazi za saruji, wanazo kwao. Lile shamba la juu lililochoka, ambalo hata maharage halitoi tena, lipo tu. Kambi ijengwe pale, wageni walale pale, halafu asubuhi uwapitishe msituni kwa miguu kama Baba alivyokuwa akiwapitisha. Nimelala naliwaza, nimeamka naliwaza, na sioni kwa nini isiwezekane.

Nikukumbushe habari ya fimbo, si kwa sababu umeisahau. Kila mgeni aliyepanda na Baba alipewa fimbo mlangoni pa mpungi, iliyochongwa kwa mti ulioanguka wenyewe na kuchomwa marembo kwa chuma cha moto. Akishuka, aliirudisha. Hata alie, hata ampende Baba kama babu yake, fimbo ya mpungi haikwenda nyumbani kwa mtu. Ikichakaa ililazwa chini ya mkulo ioze pale ilipotoka. Wewe ndiye uliyemkimbiza yule Mjerumani aliyepanda basi na fimbo, ukalifuata basi mpaka kituoni Same, ukarudi usiku umeikumbatia, viatu huna. Baba hakukusifu mbele yako, lakini hadithi hiyo nimeisikia Texas hii mpaka Shamsudin anaijua kwa moyo.

Huku pia hajaacha. Dhoruba ikiangusha matawi ya mwerezi uani kwa majirani, yeye huyaomba. Anachonga barazani, kisha anapasha msumari kwenye jiko langu la gesi, king'ora cha moshi kinalia mtaa mzima unatoka. Jumamosi watu wa kanisani hutembea kwenye vilima vya Cedar Hill. Usinicheke, ndivyo wanavyoviita, vilima, Baba alipoviona mara ya kwanza aliuliza mlima wenyewe uko wapi. Moyo ulipokuwa bado unamruhusu, tulikwenda naye. Alikaa kwenye benchi mahali magari yanapoegeshwa, akimgawia kila mtu fimbo, na kila mtu alipomaliza aliirudisha. Kama hukuirudisha, Baba alikupigia simu. Wapare tunavyopenda kesi, wewe unajua.

Sasa sikiliza. Jumanne jioni Shamsudin alikuja kumjulia hali. Alipoaga, Baba akampa ile fimbo nzuri kuliko zote, yenye marembo ya mawimbi kutoka juu hadi chini. Nilikuwa naosha vyombo, nikasubiri nisikie "utairudisha". Sikusikia kitu. Shamsudin mwenyewe, aliyekwisha kuzoea, akauliza, "Nikurejeshee lini, mzee wangu?" Baba akasema, "Kaa nayo tu."

Sahani ilinitoka mkononi, kaka. Kesho yake Immaculate akapewa nyingine, naye akaambiwa akae nayo. Yule kijana anayeleta vifurushi, ambaye hata jina lake hatulijui, akapewa mlangoni na kuondoka nayo akishangaa.

Nilimwita Eliwaza jikoni nikamuuliza babu amepatwa na nini. Akaanza kulia. "Mama, I just wanted to show him home." Alikuwa ameutafuta mlima wetu kwenye simu ili amfurahishe babu yake, akaufikia ukurasa uleule. Baba alimwambia aikuze picha, kisha aikuze tena. Akaweka kidole kwenye ile rangi nyekundu, akauliza ni nini. Mtoto akamsomea, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, neno kwa neno. Baba akasema asante, akaomba chai.

Kwa hiyo anajua. Siku zote nilizokuwa nikimficha, naye alikuwa akinificha. Tulikaa nyumba moja, meza moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa jambo lilelile. Ijumaa nilishindwa, nikamuuliza mbona fimbo hazidai tena. Akanijibu, "Nizidai nizipeleke wapi?" Hakukutaja wewe, kaka. Hakusema neno lolote baya juu yako, na hilo ndilo lililoniliza mpaka nikaenda kujifungia bafuni.

Nakuomba. Sijui niweke neno gani lingine. Piga simu kwa yule mtu umwambie asimamishe. Kama huwezi kuuokoa msitu wote, basi uokoe mkulo na ile miti inayouzunguka. Kama hata hiyo huwezi, basi wangoje Baba aje auone, wangoje mpaka... Hapana. Futa niliyoandika hapo. Sitaki kupewa siku za kungojea kifo cha baba yetu halafu shoka lifuate jeneza. Nautaka msitu usimame. Nitakupigia magoti, na ukinikuta nimesimama mbele ya mkulo na mapaja yangu manene ya Kimarekani, usishangae, maana nimeshamwambia Mungu hivyo na siwezi kurudi nyuma.

Ipo fimbo moja ambayo hajampa mtu. Ni ile ya mpungi aliyokuja nayo, hujui kwamba alikuja nayo, sivyo? Aliivunja sheria yake mwenyewe. Pale uwanja wa ndege walitaka kumnyang'anya, akajifanya hawezi kutembea bila fimbo, na wakati ule alikuwa anatembea kuliko mimi. Aliniambia ameichukua ili awe na sababu ya kurudi. Tangu siku hiyo ilikuwa ikiegemea kitanda chake. Juzi nilifungua sanduku lake nipange nguo, nikaikuta ndani, imefungwa kwenye kitenge cha mama, na nguo hakuna hata moja.

Nikiwa naandika ukurasa huu ameingia jikoni, ameshika ukuta. Ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Akakaa, nikadhani sasa atasema yote. Akasema, "Msalimie mwanangu. Mwambie asihangaike kuja uwanja wa ndege. Anisubiri pale mlangoni pa mpungi, anipokee fimbo."

Basi nimekufikishia.

Nisalimie wifi Namsifu, mwambie namletea dawa ya goti na viatu laini, na kwamba akiisoma barua hii kabla yako sitakasirika. Nisalimie watoto wote, na shangazi Niendiwe, mwambie Baba anataka makande yake, yenye chumvi kidogo kwa ajili ya moyo. Mama pale alipolala mpitie, mpalilie kidogo. Mungu aliyetulea katika mlima ule akushike mkono wewe usitie sahihi, na amshike mkono yule mwenye shoka usiinuke.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ulipokataa kunipokelea simu,

Nakijwa