Matunda Yako ya Shinani

Mjomba,

Ukuta wako bado upo. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya habari za mama.

Ulipotuacha, ule mti wa kokoa uliouchora kwenye ukuta wa ofisi yetu ya kununua kokoa ulikuwa umebakiza tunda moja bila rangi, la penseli tu. Wiki mbili baada ya mazishi akaja meneja mpya kutoka Dar. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kokoa, sura mpya hazikomi kuja hapa Tukuyu. Huyu alisimama mbele ya ukuta, akasema mchoraji alikosea, matunda hayaoti kwenye shina, yanaota kwenye matawi. Akaniagiza nimwandikie fundi mmoja wa Kiwira aje ayahamishe.

Niliiandika barua hiyo, Mjomba. Nisamehe. Unanijua nilivyo mwoga, na kazi hii ya ukarani ndiyo mama aliyonichinjia jogoo. Nilitembea na barua kwenye pochi siku tatu. Kila nikitoka kuipeleka, napita ukutani, harufu inanirudisha. Maana kahawia yako hukuinunua dukani. Ulikaanga kokoa, ukaisaga kwenye jiwe la bibi, ukaichanganya na vanishi, na mvua zote hizi hazijaimaliza harufu yake.

Nikakumbuka mnunuzi wa kwanza alipokupa chokoleti. Mtu mzima, umekulia kwenye kokoa kule Busokelo, na hujawahi kuionja. Ulifumba macho mpaka nikadhani unaumwa. Kisha ukasema, "Kumbe ndicho tunachouza." Tangu hapo hukuchora kitu bila ile kahawia: kibao cha kinyozi, hata joho la Yosefu kwenye pazia la Krismasi. Mchungaji akalalamika kuwa watoto wanamnusa Yosefu badala ya kuimba.

Siku ya nne meneja aliuliza fundi yuko wapi.

"Mzee, mti wenyewe ndivyo ulivyo," nikasema.

Aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilirudi nyumbani nikijua kazi imekwisha, na mama sikumwambia. Kesho yake meneja akapanda lori la magunia kwenda Busokelo. Alirudi jioni viatu vimejaa tope, mkononi ana tunda la kokoa lililoshikamana na kipande cha gome la shina. Akaliweka juu ya meza yangu.

"Mwambie yule fundi asije."

Barua ilikuwa bado kwenye pochi. Niliitumia kuwashia jiko.

Lile tunda la penseli akaniachia mimi nilipake rangi. Nilisaga kokoa mwenyewe, lakini mkono wangu si wako, likatoka limepinda. Wakulima wanaoleta magunia wanasema lina ugonjwa, ling'olewe kabla halijaambukiza mengine. Meneja anacheka nao.

Siku hizi chokoleti inauzwa hata Ibighi. Jumapili nilinunua moja, nikala nusu pale kaburini kwako, nimefumba macho. Nusu nikampelekea mama. Amesema sasa anaelewa kidogo kwa nini ulichelewa kila arusi, ukisaga kokoa yako.

Pumzika, Mjomba. Kila masika yakiisha nitaupaka upya mti wako, kwa kahawia ile ile, kila tunda mahali pake shinani. Langu tu nitaliacha limepinda, uwe na cha kunichekea.

Mpwa wako,
Atupele