Njuga Zimerudi Sandukuni

Jumamosi, 14 Mei 1949. Asubuhi ukungu, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua.

Shangazi,

Miezi minne imepita tangu tukuzike Izigo, nyuma ya migomba yako. Nyumbani kwako anakaa kaka. Ameezeka upya upande wa jikoni. Mimi bado nafundisha darasa la kwanza hapa Kitendaguro, na sasa kila Jumamosi nafundisha watoto kumi na wawili kucheza ngoma. Ungecheka. Ulizoea kuniambia, "Wewe umesoma mpaka miguu."

Nilianza vibaya. Naeleza yote, maana hukupenda mtu afiche kosa. Niliandika somo la ngoma kama somo la hesabu: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu, kwa kuwa wazee wa kanisa walitaka kuja kutazama, nikafungua sanduku uliloniachia na kuwafunga watoto njuga zako siku ya kwanza kabisa. Watoto wa miaka sita, Shangazi. Walikanyaga sakafu kama wanaua siafu. Wawili wakapigania jozi moja. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hii ni ngoma au mbuzi wamefunguliwa?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Alisema ngoma ya namna hii mwisho wake ni kwenye pombe ya rubisi. Akanipa mwezi mmoja: wakirudi wakakuta vurugu ileile, somo la ngoma nilifunge.

Nilirudisha njuga sandukuni, nikaukumbuka uwanja wako ulipotufundishia ngoma tukiwa watoto. Ulitutandikia majani makavu ya mgomba, ukatutaka tucheze juu yake miguu mitupu, bila jani kulia. "Asiyeweza kulinyamazisha jani, njuga atazipigia kelele tu." Wenzangu walifaulu mmoja mmoja, ukawafunga njuga. Mimi nilipelekwa shule ya bweni majani yangu yakiwa bado yanalia. Hukuwahi kunifunga.

Basi nikatandika majani darasani. Sikuhesabu tena, nilipiga makofi tu, polepole. Jumamosi ya kwanza ilikuwa kelele tupu, na mvulana mmoja akaanza kuruka makusudi. Nikamwacha aruke mpaka akachoka. Ya pili walianza kuushusha mguu badala ya kuutupa. Ya tatu, Kokwijuka, mdogo kuliko wote, aliwanong'oneza wenzake, "Kanyageni kama mtoto amelala." Hilo sikumfundisha mimi. Nafikiri nyumbani kwao kuna mtoto mchanga.

Leo wazee wamerudi. Yule mzee aliketi mezani kwangu, akafunua madaftari, akangoja. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, waambie basi waanze." Walikuwa wameanza zamani, nyuma ya mgongo wake. Akageuka kwenye kiti. Watoto kumi na wawili juu ya majani makavu, mikono imeinuka, mabega yanakwenda, na humo darasani unasikia kuku wa jirani. Aliwatazama mpaka mwisho. Hakusifu. Alichukua kofia yake, akasema, "Waendelee."

Kokwijuka nimemfunga jozi ndogo. Alipiga hatua tatu, zikalia mara tatu, kisha akasimama na zenyewe zikanyamaza. Ningetoa chochote uione ile hatua ya tatu.

Watoto walipoondoka nilifunga mlango, nikavua viatu, nikajaribu mwenyewe. Jani likalia, Shangazi. Nikarudia. Likalia tena.

Jozi yako kubwa nimeirudisha sandukuni. Hapa nakuahidi: sitamfunga mtoto njuga kabla ya wakati wake, hata aje nani kutazama. Nami sitaifunga jozi yako mpaka jani likubali. Majani nimeyaacha yametandikwa. Jumatatu nitawahi kabla ya kengele.

Pumzika, Shangazi. Miguu yako imepata watu.

Nalala saa tatu kasorobo.