Usimlete Leshan Jumapili

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa wiki tatu bila kukuandikia. Kwa simu ningelia. Hapa chuoni Kitengela bado napangusa vitasa na meza kwa pamba, nawasha mashine ya kunasa hewa, halafu maabara inatafuta virusi humo. Jana walivipata kwa meza tunayokulia sisi wafanyakazi. Mimi nakohoa. Mwenzangu wa chumba amehama.

Kwa hivyo usimlete mwanangu Leshan Jumapili, hata akilia. Najua utasema, "Mtoto akose mama yake sababu ya meza?" Atakosa, Yeyo. Kifua chake unakijua.

Nitumie sweta yangu nzito, maziwa ya mgando kwa kibuyu, na ile leso Leshan analalia. Usiifue.

Ni mimi,
Nasieku