Unga wa Bibi Kule Mueda

Qurum, Maskati

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai maumivu ya magoti yamekupungua, na mdogo wangu Skolastika na wanawe wanakusumbua kwa afya njema. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama, uchovu ambao hauishi hata nikilala.

Bado namuuguza Bibi Kheiria, yule mzee mzaliwa wa Unguja. Sasa hawezi hata kujigeuza kitandani. Juzi binti yake Rawya, mwalimu wa sekondari, alikaa naye akifanyia mazoezi somo lake la Msumbiji. Alisema ni nchi yenye pwani ndefu, kusini ya Ruvuma, kwamba Wareno waliikalia karibu miaka mia tano, wakawalazimisha watu kulima pamba, hadi uhuru mwaka 1975. Bibi akadakia kuwa Wareno hata hapa walikuwapo, wakajenga ngome, ila walitimuliwa zamani mno. Kisha akamwambia aniulize mimi, kwa kuwa mama yangu ni Mmawia. Wazanzibari wa kale ndivyo walivyowaita Wamakonde wa ng'ambo. Akakiri kuwa utotoni alitishiwa kwamba Wamawia hula watoto. Nikamwambia ashukuru, huyu wake anamlisha uji. Tulicheka sana.

Basi nikawaeleza jinsi babu alivyochapwa kwa pamba kupungua, jinsi ulivyovuka Ruvuma wakati wa vita, na bibi, mama yako, akabaki, akafa, akazikwa Mueda bila wewe. Nikaeleza kuwa kwetu unga wa tambiko humwagwa kaburini na binti pamoja na mjukuu wa kike wa kwanza, ndiyo maana unanisubiri Disemba. Bibi Kheiria alinishika mkono akilia, akaniomba tena nisimwache mpaka afe.

Mama, nilikubali. Nimeongeza mkataba wa miaka miwili. Usidhani nampenda kuliko wewe. Nilichoka kukataa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wako. Namwosha mama wa watu kila asubuhi, na mgongo wako sijaugusa tangu niondoke. Naona aibu.

Magoti yako hayatangoja miaka miwili. Njia ikiwa salama, nenda na Skolastika. Mkabidhi yeye bakuli la unga, na akishaumwaga, yeye, si mimi tena, ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Mila ni mila, sitabisha.

Wasalimie wote hapo Newala, na mzee Zakayo wa kanisani. Mungu akulinde njiani.

Mwanao, sasa wa pili,
Anjelina